Aliambiwa Alale Atulie

Mama mkubwa alianguka bafuni wakati wa masika akavunjika nyonga. Tukamkimbiza katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu lililompata pale lingeweza kumpata katika hospitali nyingine yoyote ya wakati ule. Mguu ulifungwa kamba, mwisho wa kamba ukaning'inizwa mfuko wa mchanga ili mfupa usipande. Tukaambiwa tungoje zamu ya kupasuliwa. Halafu tukaambiwa vyuma vya kumtilia tununue wenyewe, na hapo ndipo harambee ya ukoo ilipoanza kuzungushwa kwa simu. Siku zikapita: tano, nane, kumi.

Kila aliyekuja kumwona alimwambia maneno yaleyale. Lala mama. Tulia. Usijisumbue, kupona ni polepole. Mimi mwenyewe nilimkuta siku moja amejiinua kwa viwiko akitaka kukaa, nikamrudisha kwenye mto kwa mikono yangu miwili. Siku ya kumi alilalamika kwamba shavu la mguu linamuuma, tena limejaa. Sista akamjibu kwa upole kwamba ni ile kamba. Siku ya kumi na moja, asubuhi, alisema kifua kinambana, akaomba maji. Maji yalipofika hakuwepo tena.

Cheti kiliandikwa kwamba moyo ulisimama. Kwani moyo wa marehemu gani haujasimama? Mjomba alisema ni presha. Kule nyumbani watu walisema mengine, ya shamba na mipaka, ambayo siyarudii hapa. Ilipita miaka kadhaa ndipo binamu yangu aliyesomea udaktari akaniuliza maswali matatu. Mguu ulivimba? Alikuwa amelala siku ngapi? Alienda ghafla? Nikamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo lilikuwa donge la damu."

Hatukufanya uchunguzi wa maiti, kwa hivyo siwezi kuapa. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya hilo donge, na kilichoniuma si kwamba ugonjwa huo upo. Ni kwamba njia ya kuuzuia ilijulikana kabla mimi sijazaliwa.

Tuanze na mguu. Moyo husukuma damu mpaka vidoleni, lakini kuirudisha kutoka mguuni kuja kifuani ni kupanda mlima, na moyo peke yake haiwezi kazi hiyo vizuri. Anayeusaidia ni shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli ile hubana mishipa mikubwa ya vena iliyo katikati yake, damu ikarushwa juu, na vilango vidogo ndani ya mshipa vikajifunga isirudi chini. Mtu akilala siku nyingi pampu hiyo imezimwa, damu inazubaa. Na kama amevunjika mfupa au amepasuliwa, mwili umeshatoa amri damu igande upesi ili maisha yaokoke, na amri hiyo haichagui mahali. Donge huanza kimyakimya, mara nyingi nyuma ya kilango kimoja cha mshipa, kisha likarefuka kama kamba. Siku mgonjwa anapojigeuza au anapoinuka kwenda choo, kipande kinakatika, kinapita upande wa kulia wa moyo, na kwenda kukwama kwenye mapafu. Kikiwa kikubwa, dakika chache zinatosha.

Aliyeufuata mkondo huo mpaka mwisho ni kijana wa miaka kama 25 mjini Berlin, Rudolf Virchow, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua maiti katika hospitali ya Charité. Mwaka 1846 wakubwa wa taaluma, wengi wao wakifuata mawazo ya Paris, walishikilia kwamba donge linaloonekana kwenye mapafu limezaliwa hapohapo, kwa sababu ya mshipa kuvimba. Virchow aliona kwamba vile vipande vya mapafuni vina ncha iliyokatika, na kwamba ukitafuta chini, kwenye mapaja, utakuta kamba ya damu iliyoganda ambayo kipande kile kinaingiana nayo. Ili asibishiwe, aliwatia mbwa vipande vya mpira kwenye mishipa ya shingo, kisha akavikuta mapafuni. Donge linalojijenga akaliita trombosi, linalosafiri akaliita embolia. Vitabu vya leo bado vinataja mambo matatu kwa jina lake: damu kuzubaa, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. (Miaka miwili baadaye serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza homa ya taifasi, akarudi na ripoti kwamba dawa ya ugonjwa ule ni elimu, uhuru na hali bora ya maisha. Mtu wa namna hiyo huwezi kukosa kumpenda, lakini tuendelee.)

Kwa hivyo kuzubaa kwa damu kulikuwa kwenye orodha ya washukiwa mapema kabisa. Ajabu ni kwamba karne hiyohiyo ndiyo iliyokitukuza kitanda. Mwaka 1863 daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alichapisha mihadhara yake kuhusu mapumziko kama tiba, na kitabu hicho kikasomwa vizazi na vizazi. Hakuwa mjinga. Mfupa uliovunjika unahitaji kutulia. Ila shauri la mfupa mmoja likageuka kuwa shauri la mwili mzima na la kila ugonjwa. Aliyepasuliwa ngiri alilala wiki mbili, tatu. Mwanamke aliyejifungua alilala wiki moja na zaidi, na kushusha mguu sakafuni mapema kulihesabiwa ukaidi. Huko Chicago, mwaka 1899, daktari wa wanawake Emil Ries aliandika kwamba wagonjwa wake aliowapasua tumbo huinuka baada ya siku moja au mbili na wanapona vizuri. Wenzake hawakumfuata. Nadhani naelewa kwa nini. Mgonjwa akifa amelala, ni Mungu amempenda. Akifa anatembea, ni daktari aliyemwinua.

Ilihitajika vita ndipo jambo hili lionekane kwa watu wazima wenye afya. Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilipokuwa zikipiga mabomu London usiku baada ya usiku, watu walikimbilia mahandaki na vituo vya treni vya chini ya ardhi. Nafasi ya kulala haikuwepo, kwa hivyo wengi walikesha kwenye viti vya turubai, vile vya kukunja vya ufukweni, ambavyo mti wake wa mbele hukandamiza nyuma ya mapaja. Keith Simpson, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti za vifo vya ghafla, akaanza kupokea watu waliokufa asubuhi walipoinuka kutoka vitini, bila jeraha la bomu. Akifungua mapafu, anakuta donge. Aliandika habari hizo mwaka huohuo katika jarida la Lancet, na dawa aliyoipendekeza haikutoka maabara: wekeni vitanda vya kupangana mahandakini, watu wanyooshe miguu.

Vita hivyohivyo vilijaza hospitali hadi vitanda vikawa haba, na madaktari wakalazimika kuwainua watu mapema kuliko walivyotaka. Wakainuka, na hawakufa. Mwaka 1947 daktari wa London aitwaye Richard Asher aliandika katika British Medical Journal makala fupi, ya kejeli kidogo, kuhusu hatari za kwenda kitandani. Alipitia mwili kiungo kwa kiungo, akionyesha namna kitanda kinavyokiharibu: mapafu, mishipa, ngozi, mifupa, choo, hata akili. Niliposoma habari za makala hiyo nilihesabu miaka mpaka siku niliyomsukuma mama mkubwa arudi kwenye mto. Sitaiandika hesabu yenyewe.

Lakini wako wasioweza kuinuka. Aliyevunjika nyonga hawezi. Aliyepigwa na kiharusi hawezi. Kwa hao ilibidi itafutwe dawa, na dawa zikatoka mahali pasipotarajiwa: ini la mbwa, na majani yaliyooza.

La kwanza ni la mwaka 1916. Jay McLean, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari katika Johns Hopkins mjini Baltimore, alipewa na profesa wake, William Howell, kazi ya kutafuta kitu kinachogandisha damu. Katika michujo aliyoitoa kwenye ini la mbwa akapata kinyume chake, kitu kinachoizuia damu isigande. Howell ndiye aliyelipa jina la heparini mwaka 1918, kutokana na neno la Kigiriki la ini. Nani hasa ana haki ya kuitwa mgunduzi ni ugomvi uliowafuata hadi makaburini, na sina hamu ya kuuamua. Dawa ile ya awali ilikuwa chafu mno kumpa mtu. Kuisafisha kulifanyika Toronto miaka ya 1930, chini ya Charles Best, yuleyule wa insulini, na mwaka 1935 daktari mpasuaji Gordon Murray akaanza kuitumia kwa binadamu. Wakati huohuo huko Stockholm, Erik Jorpes alikuwa akiichambua, na mwenzake mpasuaji Clarence Crafoord akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi nzima. Alimpa heparini mgonjwa ambaye hakuwa na donge lolote, baada ya upasuaji, ili asilipate.

Fikiria ujasiri unaotakiwa hapo. Umemkata mtu, umemshona, kidonda bado kibichi, halafu unamdunga dawa inayozuia damu kuganda. Akivuja damu, kosa ni lako na kila mtu analiona shukani. Asipopata donge, hakuna atakayekushukuru, kwa maana hakuna aliyeliona. Kinga ina shida hiyo daima.

La pili linawahusu wafugaji. Miaka ya 1920, huko Kanada na majimbo ya kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba walikuwa wamelishwa majani ya klova, jamii moja na lusheni ya wakulima wetu, yaliyovunda kwa unyevu. Majani mazuri hayakudhuru. Yaliyoota ukungu yaliua. Kisha ukaja Februari 1933. Mkulima wa Wisconsin, Ed Carlson, baada ya kupoteza ng'ombe kadhaa, alipakia kwenye gari maiti ya mtamba, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa majani yale, akaendesha katika dhoruba ya theluji zaidi ya kilomita 300 mpaka Madison. Ilikuwa Jumamosi. Ofisi ya mifugo ilikuwa imefungwa. Akabisha mlango wa maabara ya kemia ya Karl Paul Link. Link hakuwa na la kumsaidia siku ile zaidi ya kumwambia asiwalishe tena majani yale, na mkulima akarudi nyumbani kwenye theluji. Debe la damu likabaki. Miaka sita baadaye, mwaka 1939, maabara ile ikaitoa sumu yenyewe ikiwa safi.

Kutokana na sumu hiyo ikatengenezwa ndugu yake mkali zaidi, iliyouzwa kuanzia 1948 kama dawa ya panya. Ndiyo wafarini. Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani aliimeza akitaka kujiua, akatibiwa kwa vitamini K, akapona. Hapo madaktari wakaona kwamba binadamu anaweza kuihimili na kwamba ina kiuasumu. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa watu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akapewa baada ya moyo wake kushikwa. Huku kwetu watu huiita dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Wepesi wa damu haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni muda wake wa kuganda.

Kuwa na dawa si sawa na kuthibitisha kwamba inasaidia. Mwaka 1959, katika hospitali ya majeruhi ya Birmingham, Simon Sevitt na Niall Gallagher waliwachukua watu 300 waliovunjika nyonga, wengi wao wazee, wakawagawa makundi mawili ya 150. Moja lilipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, jamaa wa wafarini kwa kazi yake. La pili halikupewa. Waliopewa walipata madonge machache mno, na vifo vyao vikawa vichache. Narudia: waliovunjika nyonga. 1959.

Uthibitisho mkubwa zaidi ulikuja 1975. Vijay Kakkar, daktari mwenye asili ya India aliyefanya kazi katika King's College Hospital London, alikuwa amechoshwa na mbinu ya kubonyeza miguu kwa vidole, maana madonge mengi hayana maumivu wala uvimbe. Yeye na wenzake walitumia kipimo cha kumdunga mgonjwa protini ya kugandisha damu iliyotiwa alama ya mnururisho, kisha kupitisha mashine juu ya mguu kuona protini imejikusanya wapi. Walikuta kwamba takriban theluthi ya waliofanyiwa upasuaji mkubwa wana donge mguuni, na wengi wao hawajui. Ndipo ukaandaliwa utafiti wa nchi kadhaa, wagonjwa 4,121 wa zaidi ya miaka 40. Nusu walipewa dozi ndogo ya heparini chini ya ngozi: yuniti 5,000 saa mbili kabla ya kisu, kisha kila saa nane kwa siku saba. Waliokufa kwa donge la mapafu katika kundi lisilopewa walikuwa 16. Katika kundi lililopewa, wawili.

Sindano ndogo, ya tumboni. Haikuhitaji mashine wala mtaalamu wa ng'ambo. Kwa nini basi haikumfikia kila aliyelazwa huku kwetu?

Pesa ni jibu moja, na ni la kweli. Lakini kuna jingine, na hili lilizaliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1960 jarida moja la moyo la Marekani lilichapisha ulinganisho wa maiti zilizochunguzwa Kampala na zile za St. Louis, Missouri. Madonge ya vena na ya mapafu yalikuwa machache sana Kampala. Mwaka huohuo Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya 1929 na baadaye akafundisha miaka mingi Mulago, alitoa kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya Afrika yasiyoambukiza, chenye hoja kwamba maradhi mengi ya Ulaya ni haba huku. Denis Burkitt, yule aliyeipa jina lake saratani ya taya za watoto, alichukua wazo hilo akalipeleka mbali. Mwaka 1972 aliandika katika British Medical Journal kwamba uvimbe wa vena miguuni, bawasiri na madonge ya vena vina chanzo kimoja: chakula kisicho na makapi. Mzungu hula mkate mweupe, hujikamua chooni, shinikizo la tumbo likarudi kwenye mishipa ya miguu. Mwafrika hula ugali, mboga na maharagwe, kwa hivyo mishipa yake ni salama.

Sitaki kuwacheka watu hawa. Burkitt alikuwa mtu wa kuuliza na kuhesabu. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari kuu kuu kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, kilomita 16,000, akienda hospitali moja baada ya nyingine kuulizia ile saratani, na kazi hiyo imeokoa watoto wengi. Kuhusu makapi ya chakula pia hakukosea kabisa, waulize madaktari wa utumbo. Na huenda kweli madonge yalikuwa machache wakati ule: wagonjwa walikuwa vijana, wazee waliofika hospitali walikuwa wachache, na upasuaji mkubwa wa nyonga au wa saratani ulikuwa nadra.

Ila hebu tuangalie hesabu yenyewe ilivyokusanywa. Huwezi kuhesabu donge usilolitafuta. Kipimo cha Kakkar kilionyesha kwamba hata London, penye madaktari tele, jicho na kidole huyapita madonge mengi bila kuyaona. Maiti nazo? Zinazofunguliwa ni zile ambazo familia imekubali zifunguliwe. Huku kwetu mtu akifa usiku, kufikia asubuhi watu wameshaanza kutafuta gari la kumpeleka nyumbani, na kwa ndugu zetu Waislamu anazikwa siku hiyohiyo. Mama mkubwa hakuingia katika hesabu ya mtu yeyote. Yumo katika safu ya moyo kusimama. Ni wangapi kama yeye waliozikwa wakiwa uthibitisho kwamba Waafrika hawapati donge?

Kisha neno "haba" likafanya lile ambalo maneno ya namna hiyo hufanya. Likatoka kwenye takwimu likaingia kwenye ngozi. Kilichokuwa maelezo ya chakula na umri kikawa tabia ya mwili wa Mwafrika, na daktari aliyefundishwa hivyo akiona shavu la mguu limejaa anawaza kamba, chumvi, figo. Jibu la nadharia hiyo lilikuwa Marekani muda wote: watu weusi wa huko hupata madonge ya vena kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Mwaka 2011 watafiti wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wa donge la mapafu waliotibiwa katika hospitali kuu ya rufaa hapa, na wengi hawakuwa wazee. Walikuwa watu wa makamo, wenye presha, nimonia, virusi vya ukimwi. Selimundu, kifua kikuu na ujauzito navyo huongeza hatari. Hayo ndiyo maradhi yanayojaza wadi zetu. Ukiyaweka kwenye mizani, nchi kama yetu ndiyo ingepaswa kuogopa donge kwanza.

Haikuwa sisi tu tuliolala, nikiri. Mwaka 1999 utafiti wa wagonjwa 1,102 ambao hawakupasuliwa, wamelazwa tu kwa moyo, mapafu au maambukizi, ulionyesha kwamba sindano moja kwa siku ya enoksaparini, heparini iliyokatwakatwa vipande vidogo, inapunguza madonge kutoka asilimia 14.9 hadi 5.5. Bado, mwaka 2005 kamati ya afya ya bunge la Uingereza ilisema watu wanaokadiriwa kuwa 25,000 hufa kila mwaka kwa madonge ya hospitalini ambayo yangeweza kuzuiwa. Uingereza, yenye Kakkar na Sevitt! Ni kuanzia 2010 ndipo hospitali zao zilipobanwa zimpime kila mtu mzima anayelazwa: ana hatari gani ya donge, ana hatari gani ya kuvuja damu, apewe nini. Maswali yenyewe yanaenea karatasi moja.

Na si kila kitu kilichotumika kwa miaka kilifaa. Zile soksi nyeupe za kubana zilivalishwa wagonjwa wa kiharusi kwa mazoea, mpaka utafiti wa 2009 ulipoonyesha kwamba hao haziwasaidii, zaidi ya kuwachubua ngozi. Mifuko ya upepo inayofungwa mguuni ikijaa na kupungua, kama shavu la mguu la bandia, ndiyo iliyowasaidia katika utafiti wa 2013. Heparini nayo ina mambo yake. Siku hizi nyingi hutoka kwenye utumbo wa nguruwe, na ile ya ng'ombe iliachwa nchi nyingi miaka ya 1990 kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe. Mgonjwa Mwislamu wa Lamu au Mombasa ana haki ya kuelezwa hilo kabla ya kudungwa. Wanazuoni wengi huruhusu kwa hoja ya dharura, na ipo fondaparinuksi inayotengenezwa maabara bila mnyama, ingawa bei yake si ya mchezo.

Miaka michache iliyopita donge lilijulikana ghafla. Kwanza Korona ya 2020 ilionyesha dunia wagonjwa waliolala wakiganda damu mapafuni, na heparini ikawa ya kila siku wadini. Kisha 2021 zikaja habari za madonge nadra sana yaliyofuata chanjo ya AstraZeneca, na mitaani kila mtu akawa mtaalamu. Nilisikia watu wakiapa hawatachanjwa kwa kuogopa damu kuganda, kisha jioni wanaenda kumtembelea mgonjwa na kumwambia alale, atulie. Niliwaelewa. Nilikuwa mmoja wao.

Kuna mahali kazi inafanyika vizuri. Eldoret, katika hospitali ya rufaa ya Moi, wafamasia wameendesha kwa miaka kliniki ya wanaotumia wafarini, wakipima damu na kurekebisha dozi, mgonjwa wa kijijini akihudumiwa kwa namna ambayo nchi tajiri ingeionea fahari. Hiyo ni tiba ya aliyekwisha kupata donge. Ya kumzuia asilipate haina kliniki wala kibao mlangoni. Iko kando ya kitanda, katika ile karatasi moja na kwa mtu wa kuijaza.

Mwaka jana mjomba, yuleyule wa presha, alilazwa kupasuliwa tumbo. Nilifika jioni. Nikamsubiri sista amalize kugawa tembe, nikamuuliza, "Samahani sista, huyu mzee amepimwa hatari ya damu kuganda?" Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akafungua faili, akanionyesha karatasi imejazwa, na sindano ya tumboni imeandikwa saa mbili usiku. Akaniambia, "Na kesho asubuhi anatembea. Wewe ndiye utamtembeza, sisi tuko wawili kwa wadi nzima."

Asubuhi nikamwinua. Mjomba alilalama kwamba hii ni hospitali gani inayofukuza wagonjwa vitandani. Tukaenda mdogomdogo, mkono mmoja umenishika bega, mwingine unasukuma chuma cha dripu. Karibu na dirisha akasimama kupumua. Akaangalia nje kwa muda, halafu akauliza bila kunitazama, "Dada yangu naye mngemtembeza?"

Nikamwambia hapana, yeye na nyonga ile asingeweza. Angechezesha nyayo kitandani, na angedungwa sindano kama yake.

"Na bei yake?"

Nikamtajia. Ilikuwa chini ya nauli ya mtu mmoja aliyesafiri kuja mazishini. Mjomba akakaza mkono kwenye chuma cha dripu. "Haya," akasema, "twende mpaka ule mlango."